Kapu la mboga na matunda kutoka Uluguru: maoni ya mama wa mgahawa

Mwezi wa nne kapu lilikuja bila nyanya. Wiki iliyofuata likaja vilevile, na masika yote yakapita hivyo. Mimi napika chakula cha mchana hapa Morogoro, upande wa Msamvu, na wateja wangu wengi ni madereva, makondakta na mafundi gereji. Maharage yakikosa nyanya wanauliza hapohapo. Nikampigia simu mwenye shamba, na jibu lake ndilo lililonifanya niendelee kununua kwake mpaka leo. Nitalieleza, lakini kwanza niwaambie ni huduma gani hii.

Shamba liko milimani, kwenye mteremko wa Uluguru unaotazama mji, upande wa njia ya kupandia Morningside. Ni la mama mmoja wa Kiluguru, mtu mzima, aliyeipata ardhi kwa ukoo wa mama yake kama ilivyo desturi yao. Analima kilimo hai, yaani bila sumu wala mbolea za viwandani, na wanawe pamoja na vibarua wa hapo kijijini. Ameniomba nisimtaje, kwa kuwa wateja alionao wanamtosha na hataki kuahidi asichoweza kuvuna. Kwa hiyo haya yasomeni kama maoni kuhusu huduma ya namna hii, ili mkipata shamba la karibu yenu mjue mpime nini.

Nilimfahamu kwenye maonyesho ya Nane Nane, viwanja vya Mwalimu Nyerere. Mabanda ya jirani yalikuwa yamepanga makabichi makubwa na mananasi. Yeye alikuwa na makopo mawili yaliyotobolewa chini, moja lina udongo wa shambani kwake, jingine lina udongo wa shamba lililochomwa moto na kulimwa kwa jembe kila mwaka. Mtu akisimama, anamwaga kikombe cha maji kwenye kila kopo. Kopo la kwanza linanywa yote na kutoa maji masafi chini. La pili maji yanasimama juu, halafu yanachuruzika yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Hakuwa na maneno mengi. Nilichukua namba yake kwa sababu ya makopo yale.

Utaratibu ni huu. Kuna kapu kubwa la shilingi 25,000 na kapu dogo la shilingi 12,000, linaletwa Jumanne na Ijumaa kwa bajaji, na unalipa mwanzo wa mwezi. Wewe huchagui. Jioni ya kuamkia siku ya kapu unapata ujumbe kwenye simu: kesho kuna mchicha, ngogwe, karoti, limao, majani ya maboga, parachichi. Kama kuna kitu hukipendi unaweza kusema, na watakubadilishia kimoja. Zaidi ya hapo, shamba ndilo linaloamua unapika nini.

Sasa nyanya. Nilipopiga simu nililalamika kwa adabu, nikamwambia, "Shikamoo mama, mbona wiki hizi umenisahau nyanya?" Akaitikia marahaba, kisha akasema hajanisahau, hana. Masika, mvua ikinyesha mfululizo, jani la mnyanya halikauki, na ukungu ukishaingia unamaliza shamba kwa siku chache. Anayetaka kuvuna nyanya za uwanjani wakati huo huku milimani inabidi apige dawa ya ukungu, mvua iioshe, apige tena, na tena. Yeye sumu hapigi, na hana kitalu nyumba cha kuzikinga nyanya na mvua. Angeweza kununua matenga ya nyanya za Ilula zinazopita hapa kwenda Dar es Salaam na kunitilia kwenye kapu, nisingejua. Akasema hilo hawezi kufanya kwa sababu mimi nimelipia vya shambani kwake.

Nyanya za mgahawa nikanunua sokoni kipindi chote kile, na bado nanunua masika yakifika. Lakini kuanzia siku ile kila kinachokuja ndani ya kapu nakiamini, kwa kuwa nimeshaona kisichokuja. Kwa anayeuza chakula cha watu, hilo lina thamani kubwa kuliko kupata nyanya mwezi wa nne.

Na si kwamba masika kapu lilikuwa tupu. Hicho ndicho kipindi lilichojaa kuliko vyote: mchicha, mnavu, majani ya kunde, majani ya maboga, mgagani, matango, bamia, na mwishoni mahindi mabichi ambayo niliyachemsha nikayauza mlangoni jioni. Ilinibidi nibadilishe mapishi. Majani ya maboga nikayapika kwa nazi, ngogwe kwa karanga za kusaga, mnavu nikauchanganya na mchicha ili uchungu upungue. Kuna dereva mmoja wa basi la Dodoma ambaye siku hizi anauliza mgagani kabla hajauliza nyama.

Kuhusu ubora, nianze na mchicha, maana ndiyo mboga ninayoipika kila siku. Mchicha mwingi wa sokoni hung'olewa na mizizi, unafika na tope, na kama ulivunwa jana jioni ukifika saa nne asubuhi umeshalegea. Wa kwenye kapu umekatwa kwa kisu juu ya shina, umefungwa kwa kamba ya mgomba, na nikiufunika kwa gunia bichi kivulini unakaa mpaka kesho yake majani yakiwa bado yamesimama. Shina linabaki shambani na kuchipua tena. Majani mengine yana matundu. Mwanzoni binti anayenisaidia jikoni alikuwa anayatupa, nikamkataza. Jani lililotobolewa na mdudu halina kasoro ya kulifanya litupwe, mradi uoshe vizuri, na kuosha lazima uoshe, kwa sababu konokono wadogo wanakuja nao. Hilo nalo lijulikane: mboga hizi zinataka maji zaidi na macho zaidi.

Karoti ni nzuri kwa ladha na ngumu kwa kazi. Nyingi ni fupi, nyingine zimegawanyika miguu miwili zilipokutana na jiwe ardhini. Kumenya kilo mbili za karoti za namna hiyo kunakula muda ambao mgahawa hauna. Kwenye pilau na mchuzi sioni tatizo, nazikwangua tu na kuzikatakata. Kwenye kachumbari ya sherehe, pale mteja anapotaka vipande vinavyofanana, nanunua za sokoni. Ngogwe ni safi siku zote. Bamia wakati mwingine zinachelewa kuvunwa na zinakuja na nyuzi. Nimelisema hilo zaidi ya mara moja na limepungua, halijaisha.

Nyanya zinarudi kipupwe, kuanzia mwezi wa saba hivi. Ni ndogo, ganda jembamba, zinaiva mpaka ndani. Wakati huo adui ni kantangaze, yule mdudu anayechimba jani na kuingia kwenye tunda. Wao wanatega mitego ya kunasa vipepeo wake, wanachuma majani yaliyoshambuliwa mapema na kuyatoa shambani, na wananyunyiza maji ya mbegu za mwarobaini zilizotwangwa. Zingine zinafika na kovu. Kwa mchuzi hazina neno.

Nilitaka kujua kwa nini kapu ni ghali kuliko sokoni, nikapanda huko mlimani. Njia ni ya miguu sehemu ya mwisho, na ukikutana na akina mama wanaoshuka na mizigo ya mboga kichwani unapaswa kuwapisha. Ukifika, kitu cha kwanza unachokiona ni kwamba udongo hauonekani. Kila tuta limefunikwa: majani makavu ya migomba, mabua, nyasi zilizofyekwa. Nilifunua kidogo kwa mkono. Ilikuwa kiangazi, mji mzima ni vumbi, na chini ya matandazo yale udongo ulikuwa mweusi, mbichi, unavunjika vidoleni, na minyoo imo.

Kando kuna malundo ya mboji, yamepangwa tabaka kwa tabaka: mabua, majani mabichi ya alizeti pori, samadi ya mbuzi, majivu kidogo, udongo wa juu, kisha yanarudiwa. Katikati ya kila lundo kumechomekwa fimbo ndefu. Mama akachomoa mojawapo akanipa niishike ile ncha ya chini. Ilikuwa ya moto kiasi cha kunifanya niiachie na kuishika tena, na imelowa. Akanieleza kwamba fimbo ikitoka kavu wanamwagia lundo maji, ikitoka baridi kabla ya wakati wanapindua, na ikitoka na harufu mbaya maji yamezidi. Joto lile ndilo linaloua mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa. Hana kipimo kingine zaidi ya fimbo, na mboji niliyoiona imeiva inanukia udongo wa msituni.

Matuta yamefuata kontua, yaani yamekatiza mteremko kwa usawa mmoja, na kwenye kingo wamepanda majani ya Guatemala na mabingobingo. Mvua ikishuka, udongo unakamatwa na majani hayo, na mwaka hadi mwaka ngazi zinajijenga zenyewe. Nililiuliza hilo makusudi, kwa sababu Waluguru wana historia na matuta. Mwaka 1955 watu wa Matombo waliinuka kupinga mradi wa serikali ya kikoloni uliowalazimisha kuchimba matuta ya ngazi milimani, kazi ngumu ambayo ilifukia udongo mzuri na kuleta juu udongo usiootesha. Mama aliyasikia hayo kwa wazazi wake. Kwake hakuna aliyeshika sururu. Majani yanakatwa kulisha mbuzi, mbuzi wanatoa samadi, samadi inaingia kwenye mboji, mboji inarudi kwenye tuta. Na udongo unaobaki juu haufiki mitoni. Sisi wa mjini tunaokunywa maji yanayoshuka milimani, na wenzetu wa Dar es Salaam wanaotegemea Ruvu ambayo chanzo chake kiko huku Uluguru, tunahusika na mteremko ule hata kama hatununui mboga zake.

Kisha akanionyesha kilichonijibu swali la bei. Kipande kizima cha shamba, pazuri kabisa, kilikuwa kimejaa marejea, ule mmea wa maua ya njano ambao watawa Wabenediktini wa Peramiho waliuhimiza sana kwa wakulima wa kusini. Marejea hayauzwi sokoni. Yanachukua naitrojeni ya hewani na kuiweka ardhini kwa msaada wa bakteria walioko kwenye mizizi, yanakaba magugu, halafu yanafyekwa na kuachwa juu ya ardhi yaoze. Yalikuwa yamepandwa pale palipotoka nyanya. Baada yake inakuja kabichi, kisha karoti, kisha kunde, na nyanya hazirudi hapo mpaka mzunguko ukamilike, ili magonjwa yake yakose pa kukaa. Maana yake ni kwamba kila msimu kuna sehemu ya shamba isiyompa hata senti, na sisi wateja tunailipia. Nikakokotoa: kwa vitu vilevile sokoni, siku ambayo mboga ni nyingi, ningetumia kama theluthi mbili ya bei ya kapu. Naona ni halali. Anayetaka ardhi ipumzike lazima amlipe anayeipumzisha.

Matunda yanastahili sehemu yake. Kipupwe yanakuja machungwa, ganda la kijani hata yakiwa matamu tayari, na msiyakatae kwa rangi. Kwenye joto letu chungwa huiva bila kugeuka njano. Wakati huo pia kuna stroberi kidogo, zimewekwa juu kabisa kwenye jani la mgomba, na hizo ndizo zinazoumia njiani. Nusu yake zinafika zimeminyika, nazisaga juisi. Ndizi zipo mwaka mzima, mzuzu kwa kupika na kisukari kwa kula. Parachichi zao ni zile za kienyeji, kubwa, na moja inatosha watu watatu.

Maembe ndiyo yaliyoniudhi. Mwezi wa kumi na mbili yalikuja mabolibo mazuri kwa nje, na nilipoyakata mbele ya mteja mengine yalikuwa na mabuu. Nzi wa matunda anatoboa tunda likiwa mtini na kutaga ndani, huoni mpaka ukate. Shambani wanaokota yaliyoanguka na kuyafukia kwenye shimo refu ili mabuu yasitoke, na wanatundika mitego, lakini majirani wasipofanya hivyo nzi wanavuka tu. Naelewa. Hata hivyo mtu anayejua msimu wa nzi umepamba moto angechuma mapema, yakiwa yamekomaa tu, akatuambia tuyaivishe nyumbani. Alinirudishia kwa kuongeza machungwa na limao kwenye kapu la wiki iliyofuata. Ningependa anirudishie hela.

Na hili la hela ndilo lalamiko langu kubwa. Mwezi wa kumi, kabla vuli haijaanza, vijito vinapungua na kapu linakuwa jepesi. Linakuja na matembele, kisamvu, ndizi, maboga mawili matatu, basi. Bei ni ileile ya mwezi wa tano ambapo kapu halifungiki. Ananiambia nihesabu mwaka mzima na nitaona nimepata zaidi ya nilicholipa. Kwa hesabu ya mwaka ana haki. Lakini mimi nanunua mchele na mkaa kwa hesabu ya siku, na wiki ambayo kapu ni jepesi nalipa mara mbili, kwake na sokoni. Nimemshauri aweke bei mbili, ya msimu na ya ukame. Bado analifikiria.

Usafiri nao si wa kutegemea sana. Mvua kubwa ikiharibu njia, kapu la saa mbili linafika mchana wakati sufuria zimeshatoka jikoni, na ujumbe wa kunijulisha unakuja baada ya bajaji. Kwa mtu wa nyumbani si tatizo. Kwa mgahawa, weka akiba ya maharage na kabichi siku hizo.

Kuhusu uhakika wa kwamba ni kilimo hai kweli: ana cheti cha kikundi chao, na haki ya kutumia alama ya Kilimohai, ile ya viwango vya Afrika Mashariki vilivyopitishwa mwaka 2007. Kwa wakulima wadogo ukaguzi unafanywa kwa mfumo shirikishi, wanakikundi wanakaguana mashamba wao kwa wao na kuandika wanachokiona, kwa sababu mkaguzi wa kulipwa kutoka nje wasingemudu gharama yake. Kuna watu wanaona huo ni ukaguzi wa marafiki. Mimi naona jirani anayepita kando ya shamba lako kila siku, na ambaye cheti chake kitakufa na chako, ana sababu nzuri ya kukutazama kwa makini.

Ila cheti kinazuia sumu na mbolea za viwandani. Hakiwezi peke yake kukuonyesha kama ardhi inapona au inachoka. Mtu anaweza kuacha sumu na bado akalima ardhi tupu, akachoma mabaki, udongo ukashuka na mvua. Kwa hiyo mkipata shamba la kununua, nendeni. Angalieni kama ardhi imefunikwa wakati wa kiangazi. Ulizeni kipande gani kinapumzika msimu huu na kimepandwa nini. Ombeni kuona mboji, na kama kuna fimbo, ishikeni. Mkulima anayefanya hivi anapenda sana kuulizwa. Mama huyu alinichelewesha mpaka giza likaingia kwa kunieleza habari za minyoo.

Napendekeza huduma hii kwa familia kabla ya kuipendekeza kwa migahawa. Nyumba ya watu watano, kapu dogo linatosha pamoja na kununua vitunguu na nyanya za ziada. Mwenye mgahawa achukue kubwa, akubali kuandika orodha ya chakula baada ya ujumbe wa jioni, na abaki na muuzaji wake wa sokoni kwa vitu visivyokosekana. Mwenye wateja wanaotaka sahani ileile mwaka mzima hapaswi kujiunga, atagombana na shamba na wateja kwa pamoja.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeitoa kwa ajili ya maembe, bei ya mwezi wa kumi na bajaji. Nimeshalipia mpaka Desemba, na nimeomba kapu la Ijumaa lipakiwe la kwanza ili lifike kabla ya saa mbili na nusu.